Nilianza na kiti: miezi sita kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito

"Si unakwenda kukatwa? Sasa mazoezi ya nini tena?"

Wifi yangu aliniuliza hivyo mwanzoni mwa Januari 2024, tukiwa dukani kwangu Ngamiani, Tanga. Yeye anachagua khanga, mie nimeketi nyuma ya kaunta nahema, maana nilikuwa nimeburuta robota moja la vitenge kutoka mlangoni hadi chini ya rafu. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa swali hilo hilo nilikuwa najiuliza. Kiwanja changu cha Pongwe kilikuwa kimeshapata mnunuzi, hospitali moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeshanipokea, na kichwani mwangu kazi iliyobaki ilikuwa ya daktari na kisu chake. Yangu ilikuwa kulala na kuamka.

Naandika haya kwa ajili ya yule anayeambiwa "anza mazoezi" na hajui aanzie wapi, kwa sababu kila anachokiona kwenye simu ni vijana wanaruka. Mie si daktari, nauza nguo. Mengine humu niliambiwa na watu wa hospitali kwa kuutazama mwili wangu, mengine niliyajua baada ya kuyakosea.

Nilikuwa na miaka 46, urefu sentimita 161. Uzito wangu niliujua kwa aibu. Mizani ya nyumbani ilikuwa inaishia kilo 130, ya zahanati ya jirani vivyo hivyo. Mwisho nikaenda kwa mzee mmoja anayenunua nazi na korosho kwa jumla, nikamwomba awatoe vijana wake nje, nikapanda mizani yake ya magunia. Mzee akasoma, akakohoa, akaandika kwenye kikaratasi, akakikunja na kunipa kama anayetoa risiti. Mpaka leo namshukuru kwa kutoitamka ile namba. Nilikifungua nikiwa kwenye bajaji: 138.

Juu ya hapo nilikuwa na sukari ya miaka tisa, presha, na magoti yaliyonifanya niswali juu ya kiti kwa miaka minne. Kiti chenyewe ni cha mbao ya mvule, aliniachia marehemu baba. Kikumbuke kiti hicho.

Kule Dar daktari wa upasuaji alinichorea: anaingia kwa matundu madogo, anakata na kutoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu na zaidi, kinachobaki ni kama mrija mnene. Halafu akanipa orodha ya watu wa kuwaona kabla ya tarehe kupangwa: mtaalamu wa lishe, mshauri wa saikolojia, daktari wa usingizi, mtaalamu wa viungo. Nikanuna. Niliona ni watu wa kunilia fedha.

Daktari wa usingizi ndiye aliyenijibia swali la wifi yangu. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, akavuta kiti akakaa. "Mama," akasema, "siku ile nitakulaza chali, nikupe nusu kaputi, na mashine ipumue kwa niaba yako. Ukilala hivyo, na uzito huu juu ya kifua, sehemu za chini za mapafu hujifunga. Ukizinduka nataka uvute pumzi mpaka chini, ukohoe, na jioni ile ile usimame utembee, damu isije ikaganda miguuni. Leo huna kidonda hata kimoja na umeshindwa kunyanyuka hapo bila kushika meza yangu. Siku ile utashika nini?"

Nilinyamaza. Siku hiyo hiyo nikapimwa kwa mwendo wa dakika sita: kwenye korido kunawekwa alama mbili zenye umbali wa mita 30, unakwenda na kurudi kwa kasi yako mwenyewe mpaka dakika sita ziishe. Nilipata mita 210, na nilisimama mara mbili kushika ukuta. Nyuma yangu alikuwepo mzee mwenye fimbo. Alinipita.

Miadi ya mtaalamu wa viungo ilikuwa baada ya wiki tatu. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu wa kwanza, kwa sababu ile aibu ya korido ilinitia moto. Niliporudi Tanga nikajiandikisha kwenye ukumbi wa mazoezi, sitautaja. Kijana wa pale alikuwa na moyo mzuri na hakuwa na swali hata moja. Hakuniuliza sukari, hakuniuliza presha. Siku ya kwanza kuruka kamba, siku ya pili kuchuchumaa na kuinuka na vyuma mikononi, huku anapiga makofi, "Twende mama, usikate tamaa!" Siku ya tatu goti la kushoto lilivimba kama boga. Wiki mbili nzima duka lilifunguliwa na binti yangu, mie niko kitandani na barafu, nimelipa ada ya miezi mitatu ambayo hairudishwi.

Ujinga wa pili ulitokana na wa kwanza. Nikasema basi, nitafanya nyumbani nisikoonekana. Familia moja ilikuwa inahama mji, ikawa inauza mashine ya kutembelea, ile yenye mkanda unaozunguka. Milioni moja na laki nne. Siku ya nne ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikazima. Fundi alipoigeuza akanionesha kibandiko chini: mwisho kilo 110. Kibandiko kilikuwepo siku zote. Sasa tunaanikia madera. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote cha kukalia, kukanyagia au kuning'inia, kigeuze usome uzito wake, na viti vya plastiki viache kabisa. Kimoja kilinifungukia miguu kwenye harusi na sitaki kukumbuka.

Mtaalamu wa viungo alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo, akasikiliza habari za goti na za mashine bila kucheka, kisha akauliza: "Mama, kwa siku unakaa na kuinuka mara ngapi?" Nikamwambia naepuka kuinuka, hata choo nakipangia safari. "Basi tuanzie hapo," akasema.

Zoezi lenyewe ni dogo mpaka unaona haya kulilipia. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, mgongo wake umeegemezwa ukutani kisirudi nyuma. Juu yake unaweka mto, kwa sababu kiti kikiwa kirefu kazi inapungua. Unasogea mbele ya kiti, miguu umeirudisha chini ya magoti na kuitanua kiasi cha nyonga, unainamisha kifua mbele, unasimama huku unatoa pumzi. Unakaa polepole, usijibwage. Mara tatu. Pumzika. Basi.

"Mara tatu tu?" nikauliza.

"Tatu ambazo kesho utazirudia," akanijibu. "Ulizofanya kule ukumbini ulizirudia?"

Mkazo wake mkubwa ulikuwa kwenye pumzi. Mwenye presha akibana pumzi wakati wa kujikaza, presha inapaa ghafla, kwa hiyo alinitaka nihesabu kwa sauti kila ninaponyanyuka. Anayehesabu hawezi kubana. Pia alinifundisha kuchunguza maumivu. Misuli ya mapaja kuuma kesho yake na keshokutwa ni kawaida. Maumivu ya ndani ya goti yanayokuamsha usiku, au goti kuvimba, hiyo ni amri ya kupunguza. Maumivu ya kifua, kukosa hewa ukiwa umekaa, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, hapo hakuna kujadili, unakwenda hospitali.

Nilitafuta namna ya kutosahau, na kiti chenyewe kikanikumbusha. Si nimekikalia mara tano kwa siku nikiswali? Nikaweka nia: kila nikimaliza swala, kabla ya kukunja msala, nasimama mara tatu. Bila kutoka nyumbani, bila raba, bila mtu kuniona, siku ya kwanza nikawa nimesimama mara kumi na tano. Nilifurahi kiasi cha kumpigia wifi simu. Akaniambia, "Hongera, umejifunza kusimama." Nilikata simu.

Mengine yalikuwa ya kukaa vilevile. Kunyoosha mguu mmoja mbele, kuushikilia mpaka tano, kuushusha. Kusukuma ukuta kwa viganja, mikono ikikunjuka, kwa ajili ya kifua na mabega. Kuinua visigino umeshika kaunta. Na kuchezesha nyayo juu na chini kama anayekanyaga cherehani ya miguu, zoezi ambalo nililipenda kwa sababu marehemu mama alikuwa fundi na mguu ulikuwa unaujua mwendo huo wenyewe. Hilo linasukuma damu ya kwenye mashavu ya miguu irudi juu. Nilikuwa nalifanya dukani wateja wakibishana bei, na ndani ya basi la Dar, saa sita za kukaa, ndilo lililonifanya nishuke stendi ya Mbezi miguu ikiwa bado inaingia kwenye viatu.

Kutembea kulikuja baada ya wiki tatu za kiti. Kipimo changu kilikuwa nguzo za umeme. Kutoka mlangoni hadi nguzo ya pili na kurudi, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakali na kabla vijana wa bodaboda hawajajaa kijiweni, maana wale siku ya kwanza walishanipokea kwa "Bonge, taratibu barabara itapasuka!" Nililia siku hiyo. Nililia nikiwa natembea, nikarudi ndani, nikanawa uso, nikafungua duka. Sina dawa ya hilo ya kukupa zaidi ya kubadili saa na kutafuta mtu wa kwenda naye.

Wangu alikuwa bibi jirani, ana miaka sabini na kitu, kila asubuhi anakwenda soko la Mgandini kwa miguu. Nilimwomba anisubiri, akaniambia, "Mwanangu, mie siendi mbio, naenda kwa maneno." Na kweli, anazungumza mwanzo mpaka mwisho. Yule binti wa viungo alikuwa ameniambia kwamba mwendo sahihi wa kuanzia ni ule unaoweza kuzungumza ukiwa ndani yake lakini huwezi kuimba. Sisi watu wa Tanga tulivyo na taarabu, kipimo hicho kilinikaa vizuri: ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza mwendo, ukishindwa kuomba maji, punguza. Bibi hakuhitaji kufundishwa. Nikinyamaza tu, anasimama, anajifanya anatengeneza mtandio wake.

Mapaja. Hakuna anayekwambia habari za mapaja. Mtu wa kilo 138 akitembea nguzo nne kwenye joto la Tanga, mapaja yanasuguana mpaka yanachubuka, na mwenye sukari kidonda si jambo la mzaha. Wiki nzima nilitembea kama bata nikidhani ni adhabu ya unene. Dawa ilikuwa taiti ndefu inayofika magotini ndani ya dera, shilingi elfu kumi na mbili, na mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Raba nilinunua za mtumba za elfu themanini na tano baada ya kubishana, nikachukua kubwa kwa nusu namba, kwa kuwa miguu yangu huvimba jioni. Kila nikirudi nazikagua nyayo kwa kioo, katikati ya vidole pia. Hizo ndizo fedha zilizofaa kuliko milioni ile ya mashine.

Kosa lililoniogopesha kuliko yote lilitokea mwanzoni mwa Machi. Nilikuwa nameza vidonge vya sukari, metformini na glibenklamaidi, hii ya pili inaulazimisha mwili kutoa insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, hata kama hujala. Asubuhi moja nikameza dawa zangu, nikaona nitakunywa chai nikirudi. Tulipofika nguzo ya sita mikono ikaanza kutetemeka, jasho baridi, na bibi nikamwona wawili. Alinikalisha kwenye benchi la mama ntilie, wakaninywesha chai ya sukari, vijiko sijui vingapi. Niliporudi nyumbani na kupima, baada ya chai ile yote, kipimo kilisoma milimoli 4.2 kwa lita. Sitaki kujua kilikuwa ngapi pale kwenye benchi.

Daktari alipunguza dozi kwa simu siku hiyo hiyo, kisha akanifokea, na alikuwa na haki. Kama unatumia insulini au vidonge vya aina hiyo, pima kabla ya kutoka. Mie niliambiwa ikiwa chini ya 5 nile kwanza, niwe na glukosi au pipi za sukari mfukoni, na niwe na mtu anayejua nina nini. Vipande vya kupimia ni ghali, kikopo cha vipande hamsini kilikuwa kinanipotea kama mahindi ya kuku, lakini nilikata kwenye mambo mengine.

Wiki iliyofuata Ramadhani ikaingia. Mwaka ule nilikatazwa kufunga, na nilisononeka kuliko nilivyotarajia. Nyumba nzima inafunga, mie najificha jikoni na kikombe. Mwendo nikauhamishia usiku, saa nzima ikishapita tangu wenzangu wafuturu, uani, kuzunguka kisima mara ishirini. Binti wa viungo alinishauri jambo moja ambalo sikuwahi kulifikiria: kwenye tarawehe, rakaa mbili za kwanza nisimame, zilizobaki nikae. "Kusimama ni kusimama, mama, mwili hauulizi uko wapi." Usiku wa kwanza nilisimama rakaa mbili, nimeshika kiti cha baba. Kufikia ishirini na saba nilikuwa nasimama sita.

Masika nayo yakaja na fujo zake, barabara zikawa vidimbwi, nguzo zikasahauliwa. Wiki mbili nilitembea koridoni mwa nyumba, hatua kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi, redio imewashwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Wiki yangu ya kwanza nilipata 28. Nilipoambiwa hiyo 150 nilicheka kwa uchungu, ila nikaelezwa kwamba mwongozo wao wa 2020 uliondoa lile sharti la zamani la kuhesabu vipindi vya dakika kumi na kuendelea tu. Dakika mbili za koridoni ni dakika mbili. Niliziandika nyuma ya daftari la madeni, na mwisho wa Juni zilikuwa 110 kwa wiki. Mia na hamsini sikufika kabla ya upasuaji, na hakuna aliyeniahirishia kwa ajili hiyo.

Mvua zilipopungua niligundua bahari. Nasema niligundua, nimezaliwa nayo mita mia chache na nilikuwa sijaitia mguu tangu nizae. Raskazone, asubuhi, maji yakiwa yanajaa na kufika kifuani, nikiwa na dera langu, taiti, na yeboyebo miguuni kwa ajili ya mawe na kome. Ndani ya maji hayo sehemu kubwa ya uzito wako inabebwa na bahari. Magoti yalinyamaza. Miaka yote ile yalikuwa yananiambia neno kila hatua, siku ile yakanyamaza, nikatembea kwenda na kurudi kando ya ufukwe kwa dakika kumi na tano nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilikwenda kila Jumapili. Siku za bamvua nilikaa nyumbani, maji yanavuta, na peke yangu sikuingia hata siku moja. Wakati wa kutoka majini jihadhari: uzito wote unakurudia kwa mkupuo pale kwenye mchanga, na mara ya kwanza nilikaa chini kama gunia.

Kuhusu uzito, niseme ukweli ili usije ukavunjika moyo. Kwa miezi ile yote ya kiti, nguzo na bahari nilipungua kilo nne. Nne! Mwezi Juni nikarudisha tatu kwa kuaga. Unajua kuaga? Unajiambia, hiki sitakila tena, hiki nacho sitakila tena. Niliaga vitumbua, niliaga mkate wa sinia, niliaga samaki wa kupaka mara nne. Mtaalamu wa lishe aliniambia vyakula vile havifi, mie ndiye nitakayevila kidogo, na kwamba kila anayekuja kwake ameaga. Hilo lilinipunguzia hatia, kilo hazikupungua.

Binti wa viungo hakujali. Alisema hakunipa mazoezi ili mizani ishuke, ingawa kila kilo moja inayoshuka goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Alitaka misuli. Baada ya upasuaji mtu anakula vijiko vichache, mwili unapungua haraka, na unapopungua unachukua mafuta na misuli pamoja. Aliyeingia na mapaja dhaifu anatoka nayo dhaifu zaidi. Julai nikapimwa tena kwenye ile korido: mita 345, bila kusimama. Kwenye kiti mto ulikuwa umeshaondoka tangu Mei, na sasa nilikuwa nasimama mara kumi mikono imekunjwa kifuani.

Wiki mbili za mwisho zilikuwa za chakula kidogo sana, supu, mtindi, mayai, mboga, karibu hakuna wanga. Ini limeulalia mfuko wa chakula kwa juu, na la mtu mnene mwenye sukari huwa kubwa lenye mafuta. Daktari lazima alinyanyue ili aone anapokata. Chakula hicho hulifanya lipungue. Dawa za sukari zilibadilishwa tena, na mazoezi yalikatwa nusu kwa amri. Nilitaka kubisha, nilikuwa nimeshanogewa. Nikaambiwa wazi kwamba sasa si wakati wa kuonesha, nguzo tano zatosha.

Badala yake nilipewa vitu viwili vya kufanyia mazoezi. Kimoja ni kifaa cha plastiki chenye vigololi vitatu kila kimoja ndani ya chumba chake, unavuta hewa kwa mrija na vigololi vinapanda. Siku ya kwanza kilipanda kimoja, kikatetemeka, kikaanguka. Wajukuu walikuwa wanagombania zamu, nikalazimika kukifunga kabatini, maana kile si cha kuchangia mdomo. Kingine ni namna ya kutoka kitandani: usijikunje kuinuka kama ulivyozoea. Geuka ubavu, mwili mzima pamoja, shusha miguu, jisukume kwa kiwiko na kiganja. Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili. Mume wangu akasema nateremka kitandani kama anayeshuka mashua. Kati ya yote niliyofundishwa, hilo ndilo ningemwambia mtu hata kama ana siku mbili tu.

Nilifanyiwa wiki ya kwanza ya Agosti, nikiwa na kilo 131. Ya chumba cha upasuaji siyajui, nilihesabu mpaka nne. Nilipozinduka bega lilikuwa linauma kuliko tumbo. Wakanieleza ni ile gesi wanayojazia tumbo, na kwamba dawa yake ni kutembea. Saa kumi na moja jioni muuguzi akaja. "Mama, tutajaribu kukaa kwanza. Taratibu." Kabla hajaniwekea mkono nikageuka ubavu, nikashusha miguu, nikajisukuma. Akasimama akinitazama. Kando ya kitanda kulikuwa na kiti. Nilikikalia, nikapumzika, nikasogea mbele, nikahesabu kwa sauti, nikanyanyuka. Mwili ulitetemeka wote, na mrija wa dripu ukatetemeka nao. Koridoni hakuna nguzo za umeme, nikahesabu milango. Mitatu kwenda, mitatu kurudi, huku nakanyaga polepole na kulaani gesi.

Kigololi cha tatu kilipanda siku ya pili asubuhi.

Robota sikugusa kwa wiki sita, nilikatazwa kunyanyua kitu kizito, na sasa mengine yanabebwa na kijana niliyemwajiri kwa fedha niliyokuwa natumia kwenye soda. Kilo zangu leo ni 94. Bibi jirani ameanza kuchoka yeye, sasa mie ndiye ninayesimama na kujifanya natengeneza mtandio. Naswali chini, isipokuwa siku za baridi goti la kushoto likikumbuka ule ukumbi.

Kiti cha baba nimekihamishia dukani. Wateja hukikalia wakisubiri chenji, na hakuna ubaya. Ila adhana ya alasiri ikilia, nawaomba wasogee kwenye benchi.